Nyumba Hukaguliwa, Kampuni Haiguswi: Usimamizi wa Makao Binafsi ya Watoto Uingereza

Ripoti ya ukaguzi wa makao ya watoto nchini Uingereza haitaji jina la nyumba wala anwani yake. Anayeisaka kwa Ofsted, ofisi ya serikali inayokagua shule na huduma za watoto, atakuta namba ya usajili, tarehe ya ukaguzi, na maelezo mafupi kwamba nyumba hiyo ni ya kampuni binafsi na imesajiliwa kulea watoto watatu au wanne. Mtaa haujulikani, ili mzazi aliyezuiwa na mahakama, au mtu mwenye nia mbaya, asiwafuate watoto mlangoni. Uficho huo una sababu ya haki kabisa. Hata hivyo unazaa swali ambalo ndilo kiini cha makala haya: ikiwa jirani hajui kinachoendelea, na ndugu wa mtoto wako mji mwingine, ni nani hasa anayeingia ndani kuona mtoto anavyolelewa, na macho yake yanaishia wapi?

Nazungumzia Uingereza yenyewe, ile ya London na Manchester, kwa kuwa Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao na wakaguzi wao. Tena ni vyema kuondoa mapema picha moja inayoweza kutupotosha. Kwa wengi wetu Afrika Mashariki, makao ya watoto ni kituo: geti, bweni la vitanda vya ghorofa, jiko la kuni, na kibao ukutani chenye jina la mfadhili. Makao ya Uingereza ya leo ni nyumba ya kawaida ya familia katika mtaa wa kawaida, yenye vyumba vitatu au vinne vya watoto, gari la kazi limeegeshwa nje, na ofisi ndogo pale ambapo familia nyingine ingeweka chumba cha wageni. Wafanyakazi hupokezana zamu. Usiku mmoja wao hukesha, au hulala palepale akiwa tayari kuamshwa. Watanzania na Wakenya waliohamia huko na kuajiriwa katika kazi za malezi wanazijua vizuri zamu hizo, na wanalijua vilevile daftari la matukio linalojazwa kabla ya kukabidhiana funguo asubuhi.

Mtoto hufikishwa humo kwa mkono wa halmashauri. Sheria ya Watoto ya 1989 inaipa halmashauri ya eneo wajibu wa kumtunza mtoto ama kwa ridhaa ya mzazi, ama kwa amri ya malezi inayotolewa na mahakama baada ya kuthibitika kwamba mtoto anaumizwa vibaya, au yuko katika hatari ya kuumizwa vibaya, kutokana na malezi anayopewa. Amri ikitoka, halmashauri hupata mamlaka ya mzazi sambamba na wazazi wenyewe. Mwishoni mwa Machi 2024 watoto waliokuwa chini ya uangalizi wa halmashauri za Uingereza walikuwa 83,630. Takriban theluthi mbili yao waliishi na walezi wa kambo katika familia, na makao yalibeba sehemu ndogo tu, wengi wao vijana waliokwisha kupita katika familia moja, ya pili na ya tatu bila kutulia. Sehemu hiyo ni ndogo kwa hesabu, lakini ndiyo yenye gharama kubwa kuliko zote na ndiyo yenye watoto waliojeruhika zaidi. Na nyumba wanazopelekwa, zaidi ya asilimia 80, si za halmashauri bali ni za wamiliki binafsi.

Mikono mitatu juu ya mtoto mmoja

Ugumu wa suala hili unaanzia hapo. Mtoto mmoja yuko chini ya mikono mitatu isiyo ya mwili mmoja. Halmashauri ndiyo inayobeba wajibu wa mzazi na ndiyo mnunuzi: inalipa kwa wiki, inasaini mkataba, na inamtuma ofisa wake wa ustawi wa jamii kumtembelea mtoto. Kampuni ndiyo muuzaji: inamiliki au inakodi nyumba, inaajiri wafanyakazi na kuendesha malezi ya kila siku. Ofsted haimnunulii mtoto nafasi wala haimlei. Kazi yake ni kusajili nyumba, kuikagua, na kuifunga ikibidi. Mtu akisikia kwamba makao fulani yamepata daraja la juu na baadaye watoto wakabainika kuteswa humo, huuliza mara moja, "Mkaguzi alikuwa wapi?" Swali hilo ni halali, ila ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni wapi walikuwa wale wengine wawili, na kila mmoja aliona nini ambacho hakumwambia mwenzake.

Mikono hii haikutenganishwa kwa bahati. Kabla ya mwaka 2002, makao binafsi yalisajiliwa na kukaguliwa na halmashauri zilezile zilizokuwa zikinunua nafasi humo, na ambazo nazo ziliendesha makao yao. Mnunuzi mwenye shida ya nafasi hawezi kuwa mkaguzi mkali, kwa maana nyumba anayoifunga leo ndiyo atakayoitafuta kesho. Tena Sheria ya 1989 iliyatambua makao pale tu yanapolea zaidi ya watoto watatu, hivyo mtu aliyefungua nyumba ya watoto wawili au watatu hakuhitaji usajili wowote. Yaani pale ambapo mtoto yuko peke yake zaidi, pasipo wenzake wengi wa kushuhudia, ndipo sheria ilipofumba macho.

Lililobadilisha mambo ni mfululizo wa kashfa za miaka ya 1990, na kubwa kuliko zote ni ya Wales Kaskazini. Baraza la uchunguzi chini ya Sir Ronald Waterhouse lilichambua unyanyasaji wa miaka mingi katika makao ya kaunti za Gwynedd na Clwyd, ya umma na ya binafsi, na Februari 2000 likatoa ripoti yenye mapendekezo 72. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Viwango vya Malezi, ambayo iliondoa msamaha wa nyumba ndogo na kuhamisha ukaguzi kutoka halmashauri kwenda chombo cha taifa. Chombo hicho kilianza kazi Aprili 2002, kikabadilishwa na kingine mwaka 2004, na Aprili 2007 kazi ikakabidhiwa Ofsted, ambayo inayo hadi sasa. Vyombo vitatu katika miaka mitano ni dalili ya jinsi serikali zilivyohangaika kutafuta mahali pa kuliweka jukumu hili.

Siku mkaguzi anapobisha hodi

Chini ya mfumo huo, kinachosajiliwa ni mambo mawili: mwenye nyumba, yaani mtoa huduma, na meneja anayeiendesha. Mwenye nyumba akiwa kampuni, humteua mtu mmoja mwenye dhamana ya kusimama mbele ya mkaguzi. Nyumba ikisajiliwa hupewa cheti chake chenye masharti yake, kwa mfano idadi ya watoto. Kampuni yenye nyumba 50 ina vyeti 50. Jambo hili linaonekana la kiutawala tu, lakini naomba msomaji alishike, kwa sababu tutalirudia.

Ukaguzi wa kawaida hufanywa walau mara moja kwa mwaka, na nyumba iliyofanya vibaya hurudiwa mapema zaidi. Mkaguzi hatoi taarifa. Hufika asubuhi, huonyesha kitambulisho, na kwa kawaida hubaki siku mbili. Anazungumza na watoto walio tayari kuzungumza naye, anapiga simu kwa maofisa wa ustawi wa jamii na wazazi, anatazama vyumba, na anasoma. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kusoma. Kanuni za Makao ya Watoto za 2015 zimeweka viwango tisa vya ubora, kuanzia afya na elimu hadi sauti ya mtoto na uongozi, na kila kimoja huacha alama katika karatasi: nani alikuwa zamu, dawa ilitolewa saa ngapi, mtoto alitoroka lini na alirudi vipi, alisema nini aliporudi.

Tuchukue karatasi moja tu. Mfanyakazi akimzuia mtoto kwa nguvu, labda kumshika mikono asijidhuru au asimpige mwenzake, kanuni inataka tukio liandikwe ndani ya saa 24: mtoto alifanya nini, alizuiwa kwa mtindo gani, kwa muda gani, nani alikuwepo, na ni hatua gani za upole zilijaribiwa kwanza. Ndani ya saa 48 meneja, au aliyemkasimu, awe amekwisha kuongea na aliyemshika mtoto na kuweka saini. Ndani ya siku tano mtoto mwenyewe awe ameulizwa juu ya tukio lile. Mkaguzi mzoefu haridhiki na kwamba fomu imejazwa. Anapanga fomu za miezi sita mezani na kuangalia kama jina la mfanyakazi mmoja linajirudia, kama matukio yanarundikana Jumapili jioni, na kama maneno ya mtoto yanafanana kila mara, neno kwa neno, jambo ambalo halitokei kwa watoto walioulizwa kweli.

Mwisho wa ukaguzi hutolewa madaraja manne: bora sana, nzuri, inahitaji kuboreshwa, na hairidhishi. Hutolewa katika maeneo matatu, yaani maisha na maendeleo ya watoto kwa ujumla, namna wanavyosaidiwa na kulindwa, na uongozi. Eneo la ulinzi lina uzito wa pekee. Likipata "hairidhishi", nyumba nzima haiwezi kupata zaidi ya hapo. Mkaguzi akikuta kanuni imevunjwa huandika sharti lenye tarehe ya mwisho. Hali ikiwa mbaya zaidi, Ofsted inaweza kutoa ilani ya kisheria, kuzuia nyumba isipokee mtoto mwingine, kusimamisha usajili au kuufuta, na mwenye nyumba ana haki ya kukata rufaa katika baraza maalumu.

Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba daraja ni picha ya siku mbili. Nyumba ya watoto watatu hubadilika mno akiingia mtoto mmoja mpya au akiondoka meneja mmoja. Ripoti ya mwezi wa pili inaweza kuwa ya kweli tupu, na ikawa haina maana tena ifikapo mwezi wa tisa. Halmashauri zinajua hivyo, lakini ofisa anayetafuta nafasi saa kumi jioni kwa ajili ya mtoto aliyekwishafukuzwa alikokuwa, mara nyingi hana cha kushikilia zaidi ya neno "nzuri" lililoandikwa juu ya ukurasa.

Mgeni wa kila mwezi

Ili kuziba pengo kati ya ukaguzi na ukaguzi, kanuni ya 44 inaamuru kila nyumba itembelewe walau mara moja kwa mwezi na mtu huru. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu yenye akili kuliko zote katika mfumo mzima, na papo hapo ndiyo yenye kasoro ya ajabu zaidi.

Mgeni huyu anaruhusiwa kufika bila taarifa. Anazungumza faraghani na watoto, wazazi na wafanyakazi wanaokubali, anakagua nyumba na kumbukumbu, kisha anaandika kama, kwa maoni yake, watoto wanalindwa ipasavyo na kama nyumba inaendeleza ustawi wao. Ripoti yake huenda kwa mwenye nyumba, kwa meneja na kwa Ofsted, na halmashauri iliyomweka mtoto inaweza kuidai. Kwa kuwa anarudi kila mwezi, anaweza kuona mambo ambayo mkaguzi wa mwaka hawezi kuyaona: kwamba mlango uliovunjwa Machi bado haujatengenezwa Mei, kwamba mtoto aliyekuwa akimkimbilia na daftari la michoro sasa hatoki chumbani, kwamba kati ya wafanyakazi sita aliowakuta Januari, wamebaki wawili. Nyumba ambayo mtoto anamjua mgeni wake kwa jina ina ulinzi ambao hakuna fomu inayoweza kuuleta.

Kasoro ni kwamba anayemteua na kumlipa mgeni huyu ni mwenye nyumba. Kanuni inakataza wenye maslahi fulani, hivyo hawezi kuwa meneja wala mfanyakazi wa nyumba ile, lakini ankara yake inalipwa na yuleyule anayekaguliwa. Wapo wengi wanaofanya kazi hii kwa uadilifu na kuandika yasiyopendeza mwezi baada ya mwezi. Wapo pia ambao ripoti zao husomeka kama barua za shukrani. Ofsted hupokea rundo kubwa la ripoti hizi, na thamani yake inategemea nani anazisoma na kwa haraka kiasi gani.

Hapo ndipo ninapokumbuka hali ya kwetu. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya 2009, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani ya makao ya watoto, na Kanuni za Makao ya Watoto za 2012. Nazo zinafuata muundo uleule wa kuidhinisha makao na kuyakagua kupitia Kamishna wa Ustawi wa Jamii na maofisa wake. Tofauti kubwa haiko katika maandishi ya sheria, iko katika mfuko. Uingereza, halmashauri inayolipa inaweza kusema italiondoa jina lako katika orodha ya wauzaji wake. Kwetu, makao mengi hulishwa na wafadhili, makanisa, misikiti na wageni wa kujitolea, ambao huja kupiga picha na kuacha mchele, hawana mkataba wa kumdai mtu chochote. Kenya nayo imechukua njia nyingine tena: tangu 2017 ilisimamisha usajili wa vituo vipya, na mkakati wake wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto katika familia, ili vituo vya kukagua vipungue vyenyewe.

Doncaster

Mfano unaoonyesha jinsi mikono mitatu inavyoweza kushika kila mmoja upande wake na mtoto akaanguka katikati ni ule wa Doncaster, kaskazini mwa Uingereza. Kampuni moja ilikuwa na sehemu tatu za bweni zilizosajiliwa kama makao ya watoto, na waliowekwa humo walikuwa watoto na vijana wenye ulemavu na mahitaji makubwa ya afya, wengi wao wasioweza kueleza kwa maneno yaliyowapata. Jopo la kitaifa linalochunguza matukio makubwa ya watoto kudhurika lilipitia habari za watoto na vijana 108 waliokuwa humo kati ya Januari 2018 na Machi 2021, na ripoti yake ya kwanza ilitoka Oktoba 2022. Liliandika juu ya kupigwa, kutelekezwa, kushikwa kwa nguvu kupita kiasi, matumizi mabaya ya dawa, na madhara ya kingono. Makao yale yalikuwa na daraja la "nzuri".

Idadi inayofungua fumbo ni nyingine: watoto hao 108 walitoka katika halmashauri 55. Kila halmashauri ilikuwa na mtoto mmoja, wawili au watatu pale, mbali na kwao. Ofisa akija kumtembelea mtoto wake anakuta tukio moja na kupewa maelezo yake, kwamba alianguka, au alijikwaruza mwenyewe, au siku ile alikuwa na hasira kuliko kawaida. Kwa mtoto mmoja, maelezo hayo yanaingia akilini. Kwa watoto 30 wenye maelezo yaleyale, hayaingii. Lakini hapakuwa na meza ya mtu yeyote ambapo matukio ya watoto wote yalikaa pamoja: halmashauri zilikuwa hazijuani kwa jambo hili, malalamiko ya wafanyakazi yalikwenda njia yake, na Ofsted ilikagua kila sehemu peke yake kwa cheti chake. Jopo lilisisitiza hasa kwamba dalili zilikuwepo kwa vipande, na hakuna aliyezikusanya.

Baada ya hapo halmashauri zote ziliagizwa kupitia upya hali ya watoto waliowekwa katika sehemu za aina hiyo, na ripoti ya pili ya jopo, Aprili 2023, ikapendekeza ununuzi wa pamoja na ubadilishanaji wa taarifa. Haya ni mapendekezo mazuri, lakini yanaigusa kampuni kwa ubavu tu.

Juu ya paa

Sasa turudi kwenye vile vyeti 50. Sheria ya Viwango vya Malezi ya 2000 iliandikwa wakati mwenye makao binafsi alikuwa mara nyingi mume na mke wenye nyumba moja, labda mbili. Kumkagua mwenye nyumba na kuikagua nyumba yake kulikuwa jambo moja. Leo sehemu kubwa ya soko iko mikononi mwa makundi ya kampuni, na baadhi yake ni mali ya mifuko ya uwekezaji inayonunua, kukopa, na kuuza tena baada ya miaka michache. Kiwango cha mishahara, idadi ya wafanyakazi kwa zamu, na uamuzi wa kuchukua mtoto wa nne katika nyumba yenye mvutano tayari, ni mambo yanayoweza kuamuliwa katika ofisi kuu ambayo mkaguzi wa nyumba hana cheti cha kuigonga. Anaweza kuandika kwamba wafanyakazi ni wachache katika nyumba hii. Hawezi kwa urahisi kuandika kwamba ni wachache katika nyumba 20 za mmiliki mmoja kwa sababu ileile.

Mwaka 2022 Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza ilitoa uchunguzi wake juu ya biashara hii. Kwa makampuni makubwa ya makao iliyoyachunguza, faida ya uendeshaji ilikuwa wastani wa asilimia 22.6 kati ya 2016 na 2020, na bei ya wastani ilipanda katika kipindi hicho kutoka pauni 2,977 hadi pauni 3,830 kwa mtoto kwa wiki. Haki inataka nitaje na upande wa pili: mamlaka hiyo iliona pia kwamba gharama ya halmashauri kuendesha makao yake yenyewe haikuwa tofauti sana na bei inayolipa kwa watu binafsi, na tatizo kubwa ililolitaja ni uhaba wa nafasi zinazofaa mahali zinapohitajika. Takriban robo ya makao yako Kaskazini Magharibi, ambako nyumba ni rahisi kununua, si kwa sababu watoto wengi hivyo wanatoka huko. Mtoto wa London humfuata mwenye nyumba, badala ya nyumba kumfuata mtoto.

Ilionya pia juu ya madeni. Kampuni iliyokopa sana ikianguka, nyumba zake zote zinaweza kutikisika kwa wiki moja, na watoto wasio na mahali pengine wakabaki njia panda. Ajabu ni kwamba kwa wazee Uingereza ilikwisha kujifunza: baada ya kampuni kubwa ya nyumba za wazee kuporomoka mwaka 2011, mkaguzi wa huduma za watu wazima alipewa tangu 2015 jukumu la kufuatilia hali ya fedha ya watoa huduma wakubwa. Kwa watoto jukumu la namna hiyo halikuwepo. Muswada ulioletwa bungeni Desemba 2024 ulikusudia kulianzisha, pamoja na kuipa Ofsted uwezo wa kuidai kampuni mama mpango wa marekebisho pale nyumba zake kadhaa zinapoonyesha kasoro moja, na kuipa serikali nafasi ya kuweka ukomo wa faida iwapo bei hazitashuka. Wales imekwenda mbali zaidi: mwaka 2025 ilipitisha sheria ya kuondoa faida katika malezi ya watoto hawa hatua kwa hatua.

Wapinzani wa ukomo wa faida wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Mwekezaji akiondoka kabla halmashauri hazijajenga nyumba zao, anayeumia si mwekezaji. Kufunga nyumba mbaya kunahitaji kuwepo nyumba nzuri ya kumhamishia mtoto, na mkaguzi anayejua kwamba haipo huwa na mkono mzito kusaini.

Nyumba zisizo na namba

Hilo ndilo linalotufikisha kwenye nyumba ambazo hazimo kabisa katika hesabu zote nilizotaja. Kifungu cha 11 cha Sheria ya 2000 kinafanya kuendesha makao ya watoto bila usajili kuwa kosa la jinai. Hata hivyo halmashauri inapokuwa na kijana wa miaka 14 anayejidhuru, aliyekataliwa na nyumba 30 zilizosajiliwa kwa kuwa kila meneja anahofia kumchukua kutamshushia daraja, huishia kukodi nyumba ya kupangisha watalii au ghorofa tupu, na kuleta wafanyakazi wa wakala kumlinda kwa zamu. Hapa ukaguzi wenyewe unachangia tatizo bila kukusudia, maana daraja linalomlinda mtoto aliyemo ndani linaweza kuwa ndilo linalomfungia mlango aliye nje.

Majaji wamekuwa wakiletewa watoto hawa wakiombwa waidhinishe kuzuiwa kwao, yaani kunyimwa uhuru, na mara kadhaa wameandika kwa uchungu kwamba wanaidhinisha lisilofaa kwa kukosa jingine. Julai 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Mahakama Kuu inaweza kutoa kibali hicho hata kwa nyumba isiyosajiliwa, pale tu ambapo hakuna namna nyingine ya kuyaokoa maisha au usalama wa mtoto. Septemba mwaka huo kanuni ziliharamisha kuwaweka watoto wa chini ya miaka 16 katika malazi yasiyosimamiwa, yaani yale yasiyotakiwa kusajiliwa, na tangu Oktoba 2023 malazi ya vijana wa miaka 16 na 17 nayo yanalazimika kusajiliwa. Muswada wa 2024 uliongeza faini ambazo Ofsted ingeweza kuzitoza bila kwenda mahakamani.

Nyumba hizo hazina cheti, kwa hiyo kanuni ya 44 haimpeleki mgeni wa kila mwezi kugonga mlango wao. Hakuna fomu za miezi sita za kupangwa mezani na hakuna daraja, zuri wala baya. Ripoti niliyoanza nayo haikuwa na jina wala anwani, lakini ilikuwa na namba, na kwa namba hiyo mtu anaweza kufuatilia ukaguzi wa mwaka huu, wa mwaka jana na wa mwaka juzi. Kijana wa ghorofa ile ya kukodi ana jalada la mahakama lisilofunguliwa kwa umma, na mfanyakazi wa wakala anayebadilika kila baada ya saa 12.